Vichekesho vinajua mateso yanapoanzia

Februari 1934, mwaka mmoja tu baada ya Adolf Hitler kushika madaraka, jiji la Köln nchini Ujerumani lilifanya gwaride lake la kanivali kama ilivyo desturi. Magari yaliyopambwa yalipita mitaani, watu wamejipanga pande zote mbili, watoto wamebebwa mabegani ili waone vizuri. Katika mojawapo ya magari hayo walisimama wanaume waliojivika kama Wayahudi washika dini, nguo nyeusi na ndevu za bandia, pamoja na bango lililotangaza kwamba hao ndio wa mwisho kuondoka. Watu walicheka. Bado ilikuwa miaka minne kabla ya masinagogi ya Ujerumani kuchomwa moto, na saba kabla ya treni za kwanza kuwabeba Wayahudi wa Köln kwenda mashariki.

Mzaha mzaha hutumbua usaha, wahenga walionya, na usaha wa Köln ulitumbuka mbele ya macho ya watu wale wale waliokuwa wakishangilia gwaride. Jambo hili husahauliwa kila filamu mpya ya kuchekesha kuhusu mateso ya Wayahudi inapotoka. Mjadala hurudi pale pale: je, ni halali kumchekesha mtazamaji juu ya watu milioni sita waliouawa? Waulizaji huzungumza kana kwamba kicheko ni mgeni aliyeingia msibani bila kubisha hodi. Kumbe kicheko kilikuwepo tangu siku ya kwanza, na kilikuwa mikononi mwa watesaji. Wacheza sinema wanaojua kazi yao walichofanya ni kukinyang'anya.

Hata hivyo si kila mahali panafaa kuchekesha. Filamu nzuri za aina hii, zikitazamwa moja baada ya nyingine, zinaonyesha jambo moja lililo wazi: vichekesho vina nguvu kubwa vinapoeleza jinsi mateso yanavyoanza, dukani, shuleni, kwenye dawati la karani, kwenye ngazi za nyumba ya kupanga. Hapo hushinda hata tanzia. Kadiri filamu inavyokaribia chumba cha gesi ndivyo nguvu hiyo inavyopungua, na mwongozaji asiyejua pa kusimama huishia kuwadhulumu marehemu mara ya pili.

Anayedhani kwamba mwanzoni hapakuwa na cha kuchekesha na azitazame sheria zenyewe. Kuanzia Januari 1939, kila Myahudi wa Ujerumani ambaye jina lake halikuwamo kwenye orodha iliyoidhinishwa na serikali alilazimika kuongeza jingine: wanaume Israel, wanawake Sara. Mwaka 1942 Wayahudi walikatazwa kufuga wanyama wa nyumbani. Profesa Victor Klemperer wa Dresden, msomi wa fasihi ya Kifaransa ambaye shajara zake zilikuja kusomwa duniani kote, aliandika jinsi yeye na mkewe walivyolazimika kumpeleka paka wao, Muschel, kwa daktari wa mifugo akauawe, maana hata kumgawia jirani mnyama huyo kulikuwa kosa. Italia nako Wayahudi walizuiwa kumiliki redio, kutangaza vifo vya ndugu zao magazetini, na majina yao kuonekana katika kitabu cha simu. Dola lenye vifaru na ndege za kivita lilikaa mezani likamwogopa paka. Mchekeshaji hana haja ya kutia chumvi hapo. Anachohitaji ni kuionyesha sheria jinsi ilivyo na kumwacha mtu wa kawaida agongane nayo.

Charlie Chaplin alilielewa hilo kabla ya wengi. Alizaliwa Aprili 1889, siku nne kabla ya Hitler, na alianza kupiga picha za filamu yake, Dikteta Mkuu, Septemba 1939, vita vikiwa vimetangazwa tu. Watu humkumbuka akiwa dikteta anayecheza na puto lenye ramani ya dunia. Sehemu iliyo bora zaidi ni ndogo kuliko hiyo. Kinyozi wa Kiyahudi, aliyekaa hospitali miaka mingi akiwa amepoteza kumbukumbu, anarudi kufungua duka lake. Hajui kwamba nchi imebadilika. Anakuta askari wa chama wanaandika kwa rangi neno la kumtambulisha kuwa Myahudi juu ya kioo chake, naye anachukua kitambaa na kuanza kufuta, kama ambavyo mwenye duka yeyote angefanya. Askari anapigwa na bumbuwazi. Anapomkamata, kinyozi anafikiri ameonewa na mhuni, na anataka polisi waitwe. Dirishani juu, Hannah, binti wa mtaa huo, anashika kikaango na kuwapiga askari vichwani. Pigo moja linampata kinyozi mwenyewe, anapepesuka kando ya barabara kama mtu anayecheza dansi.

Kila anayeitazama sehemu hiyo anacheka, na ndani ya kicheko hicho kuna somo zima la uraia. Kinyozi ndiye mtu pekee katika mtaa ule anayeishi kama vile haki bado ipo. Sisi watazamaji tunamwona wa ajabu, mpaka tunapotambua kwamba wa ajabu ni wale wengine wote waliokwisha kuzoea.

Miaka mingi baadaye, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1964, Chaplin alieleza kwamba kama angejua yaliyokuwa yakitendeka kambini, asingeweza kutengeneza filamu ile. Wapinzani wa vichekesho huyashika maneno hayo kama ushahidi wa mwisho. Lakini ukiitazama filamu tena unaona kilichopitwa na wakati ni nini. Ni kambi yake, ambamo kinyozi na mwenzake wanapiga kwata kama wafungwa wa jela ya kijeshi na kutoroka bila shida kubwa. Duka la kinyozi halijachuja hata kidogo.

Ernst Lubitsch naye, Myahudi wa Berlin ambaye Wanazi walimvua uraia, alitoa mwaka 1942 filamu kuhusu kundi la waigizaji wa Warszawa wanaowahadaa maofisa wa Gestapo kwa kutumia sare na masharubu ya jukwaani. Wakosoaji wa Marekani walimshambulia kwa kufanya mzaha juu ya Poland inayoteketea. Walichokosa kukiona ni Greenberg, mwigizaji mdogo wa Kiyahudi ambaye siku zote hupewa kubeba mkuki nyuma ya jukwaa, na ndoto yake ni kusema maneno ya Shylock wa Shakespeare. Siku anapopata nafasi hiyo, anayasema mbele ya askari wa kweli wa Hitler. Aliyeigiza nafasi hiyo, Felix Bressart, naye alikuwa mkimbizi Myahudi aliyekimbia Wanazi.

Filamu inayotajwa zaidi kuliko zote ni ya Mwitaliano Roberto Benigni, La vita è bella, yaani Maisha ni Mazuri, iliyotoka 1997. Ilishinda tuzo kubwa ya majaji huko Cannes mwaka uliofuata, na Machi 1999 ikapata Oscar tatu, Benigni akiruka juu ya viti vya ukumbi kwenda kuipokea mojawapo. Hadithi inajulikana: Guido, Myahudi mwenye duka la vitabu katika mji wa Arezzo, anapelekwa kambini pamoja na mwanawe mdogo, Giosuè, na ili kumkinga mtoto anamdanganya kwamba yote hayo ni mashindano, na mwenye kufikisha alama elfu moja atapewa kifaru cha kweli. Watetezi na wapinzani wake wote wamebishana juu ya kambi. Ni makosa. Filamu kubwa imejificha katika nusu ya kwanza, ambayo wengi huiona kama porojo za mapenzi za kupitishia muda.

Chukua tukio la shuleni. Mkaguzi kutoka Roma anatarajiwa kuja kuwahutubia wanafunzi juu ya nadharia mpya ya rangi, iliyotiwa saini na wanasayansi wa Italia mwaka 1938. Guido, aliyeingia hapo kwa ajili ya mwalimu anayempenda, anajifanya ndiye mkaguzi. Anapanda juu ya meza na kuwaonyesha watoto uzuri wa rangi bora: ndewe ya sikio, jinsi inavyokunjika vizuri, kisha anafungua shati na kuwatajia kitovu cha Kiitaliano kisicho na mfano duniani. Watoto wanaanza kukagua vitovu vyao. Mkaguzi halisi anaingia na kukuta sayansi ya dola imekwisha kuhubiriwa na Myahudi mwenye suruali inayodondoka. Hakuna hotuba ya mwanafalsafa iliyowahi kuipasua nadharia ile kwa wepisi huo, kwa sababu Guido habishani nayo. Anaitii mpaka inachanika.

Baadaye kuna karamu ya uchumba katika hoteli. Mkuu wa shule, mama mwenye heshima zake, anawasimulia wageni alichokiona Ujerumani: watoto wa darasa la tatu wanapewa hesabu ya kukokotoa serikali itaokoa fedha kiasi gani kwa siku ikiwaondoa vichaa na vilema. Bibi harusi mtarajiwa anastaajabu, anasema haiwezekani. Mkuu wa shule anakubaliana naye kabisa: haiwezekani watoto wadogo namna ile wawe na akili ya hesabu ngumu hivyo. Wageni wanaendelea kula. Hesabu za aina hiyo zilichapwa kweli katika vitabu vya shule vya Wanazi. Tukio zima halichukui hata dakika mbili, halina damu, halina muziki wa huzuni, na mtazamaji anacheka kabla hajajua amecheka nini. Kisha anaingia farasi aliyepakwa rangi ya kijani na kuandikwa kwamba ni farasi wa Kiyahudi.

Ukweli wa nje ya filamu unaipa nguvu nusu hii. Amri ya kuwafukuza wanafunzi na walimu wa Kiyahudi katika shule za Italia ilitoka Septemba 1938. Liliana Segre, binti wa Milano, alikuwa anatimiza miaka 8 mwezi huo. Alipofikisha 13 alipelekwa Auschwitz kwa treni ya Januari 1944 pamoja na baba yake, ambaye hakurudi. Kati ya watoto 776 wa chini ya miaka 14 waliopelekwa Auschwitz kutoka Italia, ni 25 tu waliosalimika, na yeye ni mmojawapo. Amezungumza na maelfu ya wanafunzi katika uzee wake, na tangu 2018 ni seneta wa maisha. Katika ushuhuda wake siku ya kufukuzwa shule ina nafasi kubwa, kwa maana siku hiyo darasa liliendelea bila yeye.

Basi tuje kambini, ambako hoja za wapinzani zina uzito. Mchoraji Art Spiegelman, mwana wa walionusurika Auschwitz na mwandishi wa kitabu cha katuni cha Maus, alichora mfungwa wa kambi ameshika sanamu ya Oscar. Mel Brooks, Myahudi aliyepigana vita vile na aliyemfanya Hitler kichekesho katika The Producers, naye aliikosoa filamu hiyo hadharani. Kwake kumcheka Hitler ni halali, kambi ni jambo jingine. Hawa si watu wasiojua utani. Wanachosema ni kwamba mtoto wa miaka mitano asingefichwa vile. Watoto wa umri wake walipelekwa moja kwa moja kwenye gesi siku ya kufika. Kambi ya Benigni haina jina, ina vyumba vyenye nafasi, ina kipaza sauti ambacho mfungwa anakifikia akamsalimu mkewe.

Benigni ana utetezi wake. Baba yake mwenyewe, ambaye hakuwa Myahudi, alifungwa katika kambi ya kazi ya Wajerumani, na alipowasimulia wanawe alichanganya na utani ili wasiogope. Tena mara mbili filamu inajua pa kunyamaza. Mjomba Eliseo, mzee mwenye adabu, anavua nguo katika chumba cha kusubiria; askari wa kike anajikwaa, naye anamshika mkono na kumuuliza kama ameumia. Picha inakatika hapo. Na Guido mwenyewe anauawa nyuma ya ukuta, mtazamaji akisikia risasi tu. Hizo ni hukumu sahihi za msanii. Kati ya nyakati hizo mbili, hata hivyo, kuna dakika nyingi ambamo mchezo wa alama elfu moja unamkinga mtazamaji badala ya mtoto, na hilo si jambo dogo. Mtu anayetoka ukumbini akidhani kwamba upendo wa baba na akili ya haraka vingetosha kumwokoa mtoto, amewatukana bila kujua maelfu ya akina baba waliokuwa na vyote viwili.

Jerry Lewis alikwenda mbali zaidi na akaishia pabaya. Mwaka 1972 alipiga picha za filamu kuhusu mchekeshaji wa sarakasi anayetumiwa na Wanazi kuwaongoza watoto hadi kwenye chumba cha gesi. Lewis mwenyewe alikuwa Myahudi, na nia yake haikuwa mbaya. Filamu haikuonyeshwa kamwe katika majumba ya sinema; alikiri baadaye kwamba aliionea aibu kazi hiyo, na mikanda yake aliikabidhi kwa Maktaba ya Bunge la Marekani. Kuifungia ilikuwa haki.

Wafungwa wenyewe walicheka, na hilo lazima lisemwe kwa sauti. Daktari Viktor Frankl wa Vienna alisimulia jinsi alivyokubaliana na mwenzake wa kazi kambini kwamba kila siku watabuni angalau kisa kimoja cha kuchekesha juu ya maisha yao baada ya ukombozi: mathalani, wamealikwa chakula cha jioni, na mmoja wao anajisahau, anamwomba mama mwenye nyumba amchotee supu ya chini ya sufuria, kule ambako njegere zimetuama. Kurt Gerron, nyota wa sinema za Berlin, alianzisha kabareti ndani ya geto la Terezín kwa ajili ya wafungwa wenzake. Mwaka 1944 Wanazi walimlazimisha aongoze filamu ya propaganda iliyoonyesha kwamba Terezín ni mji wa raha, kisha Oktoba wakampeleka Auschwitz na kumuua. Utani wa Frankl na Gerron ulikuwa mali yao. Mwongozaji anayeketi salama miaka hamsini baadaye hawezi kuuazima tu kama koti. Inabidi aonyeshe pia bei waliyolipa.

Filamu iliyolipatia tatizo hili jibu bora ilitoka mapema kuliko hizi zote za rangi, na Waswahili wachache wameiona. Ni Obchod na korze, Duka la Barabara Kuu, ya waongozaji Ján Kadár na Elmar Klos wa Czechoslovakia, ya 1965. Ilikuwa filamu ya kwanza ya nchi yake kushinda Oscar ya filamu za kigeni. Kadár alikuwa Myahudi. Wazazi wake waliuawa Auschwitz. Ladislav Grosman, aliyeandika hadithi yake, naye alikuwa Myahudi wa Slovakia.

Tono Brtko ni seremala maskini katika mji mdogo wa Slovakia, mwaka 1942. Mkewe anamsumbua kwa ufukara wao. Shemeji yake, aliyepanda cheo katika chama cha mafashisti, anakuja usiku na chupa na hati yenye mhuri: Tono ameteuliwa kuwa msimamizi wa duka la Myahudi, duka la vifungo la bibi kizee Rozália Lautmannová. Asubuhi anakwenda kuchukua mali yake. Bibi hasikii vizuri, na miwani haimsaidii sana. Anaisoma hati bila kuelewa, anadhani kijana huyu amekuja kununua kitu, kisha anadhani amekuja kuomba kazi. Tono anapiga kelele, bibi anatabasamu. Mtu mwingine anaingia kumweleza Tono ukweli: duka limefilisika, masanduku ya vifungo ni matupu, na bibi anaishi kwa michango ya Wayahudi wenzake. Jumuiya hiyo inampa Tono pendekezo: watamlipa mshahara ili abaki hapo, kwani akiondoka ataletwa mkatili zaidi. Naye bibi aambiwe kwamba huyu ni msaidizi wake mpya.

Kwa zaidi ya saa nzima hiki ni kichekesho safi. Tono anafungua duka siku ya Sabato na kulivuruga. Anatengeneza samani za bibi kwa sababu mikono yake haiwezi kukaa bure. Bibi anampikia, anampa suti ya marehemu mumewe, anamgombeza kama mjukuu. Ida Kamińska, aliyekuwa akiongoza jumba la maigizo la Kiyidi huko Warszawa, anaigiza uziwi na ukarimu huo kwa namna iliyompatia uteuzi wa Oscar, na Jozef Kroner kama Tono ana uso ambao mtu hawezi kuuchukia.

Hapo ndipo ulipo mtego. Mtazamaji anampenda Tono. Anasahau kwamba kila mwezi Tono anapokea fedha za watu waliowekwa chini ya sheria zinazowanyang'anya kila kitu, na anampelekea mkewe. Katika Slovakia halisi, chini ya Rais Jozef Tiso, aliyekuwa padre, zaidi ya biashara 10,000 za Wayahudi zilifungwa na nyingine zaidi ya 2,000 zikapewa akina Tono. Kati ya Machi na Oktoba 1942 Wayahudi wapatao 58,000 walipakiwa kwenye treni, na serikali ya Slovakia iliilipa Ujerumani marki 500 kwa kila kichwa. Wengi wa waliochukua maduka hayo hawakuwa majitu. Walikuwa watu wenye wake wanaowalaumu kwa ufukara, mashemeji wenye vyeo, na uwezo mkubwa wa kutofikiria kesho.

Kisha siku inafika. Wayahudi wa mji wanakusanywa uwanjani, mbele ya dirisha la duka, na kicheko kinakatika kama umeme. Tono amelewa. Mara anataka kumficha bibi, mara anataka kumsukuma nje ajiokoe mwenyewe, mara anamlilia. Rozália anachungulia na kwa mara ya kwanza anaelewa. Tono anamsukuma ndani ya kabati kwa hofu, na bibi anafia humo. Naye anajinyonga. Filamu haionyeshi treni wala kambi, haina haja. Mtazamaji aliyekuwa akicheka na mtu mwema kwa saa nzima anabaki na swali la kile alichokuwa akikicheka, na swali hilo haliwezi kupatikana katika filamu ya machozi matupu, kwa kuwa katika filamu ya machozi kila mtu hujiona tangu mwanzo kuwa yuko upande wa wanaoteswa.

Mfaransa Gérard Jugnot aliifuata njia hiyo mwaka 2002 katika Monsieur Batignole. Mwenye bucha wa Paris anajikuta amehamia kwenye nyumba ya familia ya daktari wa Kiyahudi iliyokamatwa 1942, na siku ya karamu mlangoni anagonga Simon, mtoto wa nyumba hiyo, aliyeponyoka na kurudi kwao. Ni kazi nyepesi zaidi, na inamsafisha Batignole mapema mno. Lakini ule mlango unaofunguliwa, na mtoto anayekuta wageni wanakula kwenye meza ya mama yake, ni jambo ambalo Ufaransa haikulitamka kiserikali hadi Rais Jacques Chirac alipokiri wajibu wa nchi yake mwaka 1995.

Hata Afrika Mashariki imo ndani ya historia hii. Filamu ya Kijerumani ya Caroline Link, Nirgendwo in Afrika, iliyopata Oscar mwaka 2003, inatokana na maisha ya mwandishi Stefanie Zweig, ambaye familia yake ilikimbilia Kenya mwaka 1938. Si filamu ya vichekesho, ila kichekesho chake kimoja hakisahauliki: mume anaandika kumsihi mkewe alete jokofu, naye anashuka shambani nyikani na gauni jipya la dansi. Bado hajaamini kwamba ameondoka kwao moja kwa moja. Mpishi Owuor, aliyeigizwa na Mkenya Sidede Onyulo, anamfundisha binti wao Kiswahili, huku jamaa waliobaki Ulaya wakiangamia mmoja mmoja kwenye barua.

Na kuna sababu iliyo karibu zaidi ya kuzijali filamu hizi. Redio RTLM ilianza kurusha matangazo Kigali Julai 1993, na ilipendwa kwa muziki na utani wake. Mtangazaji Kantano Habimana alikuwa mcheshi hodari, na gazeti la Kangura lilijaza kurasa zake kwa katuni za dhihaka dhidi ya Watutsi. Waliohusika na vyombo hivyo viwili walitiwa hatiani kwa kuchochea mauaji ya kimbari, Arusha, Desemba 2003, na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Gari la kanivali la Köln lilikuwa na ndugu yake Kigali, na waliolicheka walikuwa majirani zetu.

Kwa hiyo walimu wa historia, vilabu vya filamu na waandaaji wa matamasha kuanzia Zanzibar hadi Bujumbura wangefanya vyema kuonyesha filamu hizi, na kuanza na ile ya duka la vifungo. Kikwazo ni lugha: ni ya Kislovakia, ya rangi nyeusi na nyeupe, na inachukua zaidi ya saa mbili. Lakini huku kwetu kuna ufundi ambao Ulaya haina. Watu waliokulia kwenye vibanda vya video wanawajua Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya, wasimulizi wanaoifasiri filamu ya kigeni kwa Kiswahili huku inaendelea, wakiongeza vijembe vyao. Msimulizi hodari angempa Rozália sauti ya bibi wa Tanga na Tono sauti ya seremala wa Kariakoo, na ukumbi ungecheka kama Kadár alivyotaka ucheke. Kabla ya kuanza angehitaji dakika kumi za kueleza sheria za Slovakia za 1941 na marki 500 kwa kichwa. Na angepaswa kukubaliana na mwenye kibanda mapema kwamba Wayahudi wakianza kukusanywa uwanjani, vijembe vyake vinaishia hapo, na kuanzia hapo ni kutafsiri tu yanayosemwa.